Aliyeshikwa Mkono, Je, Amebebwa?

Liko neno moja ambalo vijana wetu wamelitoa katika viwanja vya mpira na kulileta hadi majumbani, na hata uwanjani kwa kanisa baada ya ibada. Neno lenyewe ni "kubebwa". Timu ikishinda kwa penalti yenye mashaka, husemwa imebebwa. Mwanafunzi akifaulu kuliko ilivyotazamiwa, amebebwa. Mtu akipata kazi, haulizwi amesoma nini. Huulizwa nani aliyembeba. Hatuna ugomvi na neno hili, maana lugha ni mali ya wenye kuisema, na mara nyingine neno hilo husema kweli tupu. Lakini mwaka 2024, wakati wa Michezo ya Paralimpiki iliyofanyika Paris kuanzia tarehe 28 Agosti hadi tarehe 8 Septemba, tulilisikia likitumiwa mahali pengine. Vijana walikuwa wakitazama katika simu mbio za watu wasioona, kila mkimbiaji akiwa ameunganishwa kwa kamba fupi na mwenzake mwenye macho. Mmoja akasema, "Huyu si anakimbizwa? Amebebwa huyu!" Wenzake wakacheka.

Ingekuwa rahisi kumkaripia kijana yule na kumwambia kwamba si vizuri kuwacheka wenye ulemavu. Lakini sisi tuliokaa miaka mingi mbele ya ubao twajua kwamba karipio halijibu swali, hulinyamazisha tu. Na swali lake si la kipumbavu. Ikiwa ushindi ni wa mtu, na mtu huyo alishikwa mkono tangu mwanzo hata mwisho, ushindi ni wa nani? Tukisema kwa haraka kwamba ni wake, kwa sababu tu tunamhurumia, tutakuwa tumempa sadaka badala ya haki yake. Afadhali tulichukue swali hili kwa uzito wake, na kwa kuwa maneno matupu hayafiki mbali, na tumtazame mtu mmoja ambaye katika maisha yake ameshindana bila mwongozaji, na akiwa na mwongozaji, na kwa namna zaidi ya moja.

Mtu huyo ni mwanamke wa Australia aitwaye Jessica Gallagher, aliyezaliwa mwaka 1986 katika mji wa Geelong, jimbo la Victoria. Alipokuwa msichana alicheza mpira wa pete na mpira wa kikapu kama wasichana wengine wa huko. Alipofika umri wa miaka 17 madaktari waligundua kwamba ana ugonjwa wa nadra wa macho. Ndani ya jicho, nyuma kabisa, zimo chembe ndogo ambazo kazi yake ni kutuonyesha rangi na vitu vidogo vidogo, kama vile herufi za kitabu au uso wa mtu anayekuja. Chembe hizo kwake zilikuwa zinakufa. Mtu mwenye ugonjwa wa namna hiyo haingii gizani kama anayezimiwa taa. Hubakiwa na kando za vitu, lakini katikati, pale hasa anapopatazama, pamefutika. Akikutazama usoni hakuoni vema. Akitazama pembeni, pengine ataliona bega lako.

Hapa tuombe ruhusa kusema jambo moja juu ya maneno. Zamani tuliwaita wote hawa "vipofu", na hatukuwa na nia mbaya. Lakini neno hilo liliwatia katika kapu moja watu wasioona kabisa na watu wenye uoni hafifu, na hasara ikawa kwa hao wa pili. Tumewaona watoto wakipigwa darasani kwa uvivu wa kunakili, kumbe ubao hawauoni, na wakijitetea huambiwa, "Mbona mlango umeuona?" Bibi Gallagher ni wa kundi hili la katikati, ambalo wenye macho hulishuku na wasioona kabisa hulionea wivu.

Ushuhuda wa jambo hilo ulionekana mwaka 2008. Alikuwa amejitayarisha kwenda kushindana katika Paralimpiki ya Beijing, katika miruko na mitupo. Sharti kila mshindani apimwe macho, maana michezo hii ina madaraja. Kipimo chenyewe si kigumu kukieleza. Herufi ambayo mtu mwenye macho mazima aweza kuisoma akiwa mbali mita 60, huyu hawezi kuisoma mpaka asogee hadi mita 6 au karibu zaidi. Anayeona vizuri kuliko hapo haruhusiwi kuingia, isipokuwa kama upana wa yale ayaonayo ni mwembamba mno, kama mtu achunguliaye katika mwanzi. Bibi Gallagher alipopimwa, jicho lake moja lilikutwa linaona kupita mpaka huo kwa kiasi kidogo mno, kiasi ambacho yeye mwenyewe asingeweza kukitambua katika kazi yoyote ya siku. Akazuiwa. Kwa sheria za kwao hakuwa na macho ya kutosha kupewa leseni ya gari. Kwa sheria za michezo alikuwa na macho mengi mno. Baadaye macho yake yalizidi kudhoofika, na mlango uliokuwa umefungwa ukafunguka.

Tumelifikiria sana jambo hili. Wako watakaosema ni ukatili, mtu kukaribishwa kwa sababu amepoteza zaidi. Lakini sisi tuliosahihisha mitihani hatuwezi kuushangaa sana mpaka. Palipo na alama 40 ya kufaulu, yuko mwenye 39, na huyo mwenye 39 si mjinga kuliko mwenye 40. Mpaka ni lazima uwepo mahali fulani, na popote utakapowekwa utapita katikati ya watu wawili wanaofanana. La kuangalia ni kwamba mpaka huo unawekwa kwa ajili gani. Katika michezo hii umewekwa ili mtu ashindane na mwenye shida inayofanana na yake, na asiwepo wa kuja kuvuna medali kwa macho mazima. Yaani watu wale wale ambao kijana wetu alisema wamebebwa, wamejiwekea ulinzi mkali usiokuwepo katika mashindano mengi ya wenye macho, ili asiwepo hata mmoja wa kubebwa.

Mlango ulipofunguka, hakuingia kwanza katika miruko bali katika theluji. Wengi wetu theluji tumeiona katika picha, au kwa mbali juu ya Kibo wakati wa asubuhi. Huko kwao watu hufunga mbao mbili ndefu na nyembamba miguuni, wakateremka mlimani kwa kuteleza, wakipita huku na huku kati ya vijiti vilivyosimikwa. Anayekikosa kijiti kimoja ametolewa. Basi fikirini mtu asiyeona katikati ya jicho lake akishuka hivyo. Mbele yake huteleza mwongozaji aliyevaa nguo ya rangi kali, na wote wawili wana redio ndogo masikioni. Mwongozaji humwambia: kata kushoto, kata kulia, hapa pana barafu, hapa pana mteremko mkali. Naye wa nyuma humjibu: umenitangulia mno, punguza, au, twende, ongeza. Kugusana hairuhusiwi. Kamba hakuna. Kilichopo ni sauti tu.

Kwa namna hiyo, mwaka 2010, katika Paralimpiki ya Majira ya Baridi ya Vancouver, nchini Kanada, Bibi Gallagher akiongozwa na Eric Bickerton alipata medali ya shaba katika mashindano ya vijiti vilivyo karibu karibu. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Australia kupata medali katika michezo hiyo ya baridi. Mwaka 2014 huko Sochi, Urusi, alipata shaba nyingine, safari hii katika vijiti vilivyo mbali mbali, ambako mwendo huwa wa kasi zaidi, na mwongozaji wake alikuwa Christian Geiger. Tumeyataja majina ya waongozaji kwa makusudi, na tutarudi kwao.

Je, hapo alibebwa? Sauti ya mwenzake haikumwongezea nguvu ya goti hata chembe. Haikumpunguzia baridi, wala haikumshika alipotaka kuanguka. Ilimpa kitu kimoja tu, habari ya njia, ambayo washindani wengine wa dunia huipata bure kwa kufumbua macho. Tena yeye alidaiwa kitu ambacho mwenye macho hadaiwi: kuupinda mwili wake kwa kasi ile kwa kuamini neno la mtu mwingine, kabla hajahakikisha. Jaribuni nyumbani kufumba macho na kutembea kwa haraka kutoka mlangoni hadi jikoni huku mtoto anawaelekeza. Hatua ya tatu mtanyosha mikono mbele, ingawa nyumba ni yenu na mtoto ni wenu. Kuamini kwa kiasi hicho ni kazi, na ni kazi ya kujifunza. Kwa maoni yetu ni vigumu kuliko kuteleza kwenyewe.

Kati ya baridi hizo mbili alikwenda London mwaka 2012 akashindana katika kuruka chini na kurusha mkuki. Huko katika daraja lake hakuna mwongozaji. Alikimbia peke yake kuuelekea ubao wa kurukia, akihesabu hatua zake. Hakupata medali. Twalitaja hili kwa sababu wasemao "amebebwa" hutazama picha moja, ile ya kamba, wakadhani kila asiyeona hushikwa kila saa. Hata katika mbio, wale wenye uoni kidogo wa daraja la mwisho hukimbia bila mtu. Wa daraja la kati huchagua. Na wasioona kabisa ndio ambao sharti wawe na mwongozaji, tena wote hufungwa kitambaa machoni, ili hata mwenye kuona mwanga kidogo asimzidi mwenzake.

Sasa tufike penye ugumu. Baada ya hayo Bibi Gallagher aliingia katika mbio za baiskeli. Baiskeli hiyo ni ya watu wawili; mbele hukaa mwenye macho anayeshika usukani, nyuma hukaa asiyeona, na wote wawili hukanyaga. Mwaka 2016 huko Rio de Janeiro, yeye na Madison Janssen aliyekaa mbele walipata medali ya shaba katika mbio za mita 1000 dhidi ya saa. Akawa Mwaustralia wa kwanza kupata medali katika michezo ya kiangazi na ya baridi pia, na hapo hesabu inawaingiza na wale wa Olimpiki wenye macho yao mazima. Mwaka 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham, akiwa na Caitlin Ward kiti cha mbele, alipata dhahabu mbili.

Ugumu uko hapa. Katika theluji mwongozaji alimpa macho tu. Katika baiskeli mwongozaji anampa macho na miguu. Saa ni moja kwa wote wawili, wala hakuna mizani ya kutenga nguvu ya mbele na nguvu ya nyuma. Mtu dhaifu akikaa nyuma ya mtu mwenye nguvu sana, je, hawezi kufikishwa? Tusifanye kana kwamba hatulioni jambo hilo. Hata wenye mchezo wameliona, ndiyo maana wameweka masharti juu ya nani aweza kukaa mbele, na kwa kawaida waendeshaji walioajiriwa na timu kubwa za kulipwa hawaruhusiwi kuja kukalia kiti hicho.

Lakini wanaojua baiskeli za namna hii watatuambia jambo jingine. Minyororo imeunganishwa, hivyo miguu ya wawili huzunguka pamoja. Wa nyuma akilegea, wa mbele hujua papo hapo kwa uzito katika nyayo zake. Baiskeli yenyewe haina breki wala gia za kubadilisha, na kuiondoa ikiwa imesimama wima kwahitaji wote wawili wasukume kwa nguvu katika nukta ile ile. Anayebebwa juu ya baiskeli hiyo ni mzigo, na mzigo haupati shaba mbele ya mataifa ambayo hayakubeba mzigo. Fundi mwashi na kibarua wake wamejenga ukuta. Nani ameujenga? Fundi angefanya nini na udongo mkavu, na kibarua angefanya nini na timazi? Hakuna mwenye akili akaushika ukuta na kusema, tofali hili ni la fundi, na hili ni la kibarua. Husema ukuta ni wa wote wawili, kisha huangalia kama umenyooka.

Ndivyo walivyofanya hao wenye michezo, na twaona wamefanya vema. Siku hizi mwongozaji hupanda jukwaani pamoja na mwenziwe akavikwa medali yake. Hawakusema ushindi ni wa asiyeona peke yake, ambayo ingekuwa huruma. Wala hawakusema ni wa mwenye macho, ambayo ingekuwa dharau. Walikubali kwamba kuna ushindi usiogawanyika.

Mtu atasema, "Hayo ni ya wenye ulemavu. Mtu mzima hushinda peke yake." Tumwulize kuhusu tarehe 12 Oktoba 2019. Siku hiyo Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia urefu wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40. Mbele yake na pembeni mwake walikuwapo wakimbiaji wa kumwekea kasi, 41 kwa jumla, wakipokezana na kumkinga upepo, na gari lilipiga mwanga barabarani kumwonyesha mahali pa kukanyaga. Kwa sababu hiyo mbio zile hazikuandikwa kuwa rekodi rasmi, na wenye sheria walikuwa na haki. Lakini Afrika Mashariki nzima ilishangilia, na vijana wetu hawa hawa walikuwa wa kwanza. Hatukusikia hata mmoja akisema Kipchoge amebebwa. Walijua kwamba wale 41 hawakumwazima miguu. Basi iweje mtu mwenye macho akiongozwa na watu 41 awe shujaa, na asiyeona akiongozwa na mtu mmoja awe amebebwa?

Na kwa kuwa tumeitaja Kenya, hatuwezi kumpita Henry Wanyoike. Huyu alizaliwa mwaka 1974, akawa kijana mwenye mbio, na mwaka 1995 alipata kiharusi usiku mmoja, akaamka asubuhi haoni. Mwaka 2000 alikwenda Sydney kwenye Paralimpiki, akashindana katika mita 5000 za wasioona kabisa. Alikuwa akiongoza mbio zile kwa mbali, ndipo mwongozaji wake, mtu mwenye macho yake mawili, akaishiwa nguvu. Wanyoike hakuweza kumwacha. Njia alihitaji aonyeshwe, na sheria iliwataka wamalize pamoja. Basi asiyeona akawa ndiye wa kumkokota mwenye macho, akimhimiza, mpaka wakavuka mstari, na medali ya dhahabu ikawa yao. Miaka minne baadaye huko Athens, akiongozwa na rafiki yake wa utotoni, Joseph Kibunja, alishinda mita 5000 na mita 10000. Kila tunapoisimulia habari ya Sydney watu hucheka kwanza, kisha hunyamaza. Kamba ni ile ile. Ni nani aliyembeba mwenziwe?

Pengine mtauliza kwa nini wazee waliostaafu kazi wajishughulishe na medali za watu wa mbali. Sababu ni kwamba swali hili tulipata kulikuta mezani petu, si katika michezo. Katika chuo kimoja cha ualimu tulichofundisha, jina lake tuliache, aliletwa kijana asiyeona aliyekuwa amefaulu vizuri, akitaka kusomea ualimu. Wakufunzi waligawanyika. Wengine walisema hataweza kulitawala darasa. Hilo lilikuwa na majibu, maana tulikuwa na wenye macho makali wasioweza kulitawala. Neno lililouma lilikuwa la mwenzetu mmoja, mtu mwadilifu, si mwovu. Alisema hivi: chuoni hapakuwa na mashine ya nukta nundu iliyokuwa nzima, kwa hiyo wakati wa mtihani kijana huyo itabidi asomewe maswali na kuandikiwa majibu. "Basi," akasema, "cheti tutakachokitoa kitakuwa cha nani?"

Mabishano yalichukua mikutano miwili. Mwishowe tulikubaliana kwamba mwandishi wake awe mtu asiyejua somo lenyewe. Akatafutwa karani mmoja wa ofisini. Tulisimamia mtihani huo wenyewe. Siku ya hesabu, kijana alikuwa akimtajia karani kila alama: andika namba hii juu, piga mstari, shuka chini, sasa funga mabano. Karani alipoandika vibaya, na aliandika vibaya mara nyingi, kijana alimwomba amsomee tena mstari mzima, akalipata kosa kwa kusikia, akasahihisha. Mwenye macho alikuwa akijasho. Yule asiyeona alikuwa ametulia, na sura yote ya hesabu ile ilikuwa kichwani mwake, maana hakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Yule mwenzetu aliyeuliza swali alikaa nasi chumbani muda wote, na mwisho wa saa tatu alisema tu kwamba karani apewe chai.

Kijana alipata cheti, akafundisha. Hatuna haja ya kuipamba hadithi yake. Alikuwa mwalimu wa kawaida, mwenye siku nzuri na mbaya, na wanafunzi walimdanganya mara nyingine kama wanavyotudanganya sisi sote. Lakini tangu hapo tumekuwa tukijiuliza swali jingine, ambalo lile la kijana wetu wa simu lilikuwa linalificha. Tumeshughulika sana na yule anayeongozwa, kama anastahili au hastahili. Yule anayeongoza tumemwuliza lini?

Bickerton, Geiger, Janssen na Ward walichagua kazi ile. Walijifunza pamoja na mwenzao, wakasafirishwa na kulazwa na kulishwa, na wengine wao wana medali ukutani. Hayo yalikuwa na gharama, maana kumpeleka mshindani mmoja kulikuwa ni kupeleka wawili, na si kila nchi huuona ulazima wa nauli ya pili. Yule karani wetu alipata chai. Lakini waongozaji walio wengi hapa kwetu hawamo hata katika hesabu hiyo. Twawaona stendi, sokoni, na karibu na milango ya makanisa na misikiti: mtoto ameshika ncha ya mbele ya fimbo, na mzazi au babu asiyeona ameshika ncha ya nyuma. Sisi hutia sarafu katika mkono wa huyo wa nyuma na kujiona tumetenda. Mtoto hatumtazami. Yeye ndiye mwongozaji, tena kazi yake ina hatari kuliko ile ya theluji, maana magari ya stendi hayana vijiti vya kuonyesha njia.

Hatusemi mtoto asimsaidie mzazi wake. Mtoto aliyemwongoza babu yake amejifunza jambo ambalo hatukuweza kulifundisha kwa chaki. Twasema tu kwamba shule hufunguliwa saa moja na nusu, na stendi pia hujaa saa hiyo hiyo, naye hawezi kuwa mahali pawili. Katika mtaa kuna watu wazima wenye nafasi asubuhi, wakiwamo wastaafu, na wengine wetu tungali na miguu. Kutoka nyumbani kwa mzee hadi zahanati au hadi sokoni si mbali hivyo kwamba asipatikane wa kushika fimbo mara moja kwa juma.

Juma lililopita tulimsimamisha mmoja wa watoto hao, msichana, tukamwomba ruhusa babu yake tuseme naye. Kwa umri aliotutajia, kwa hesabu yetu ya kiualimu, angekuwa darasa la tano. Tulimwuliza yuko darasa la ngapi. Akamtazama babu kwanza, kisha akasema la pili, ila jina lake limeshakatwa katika daftari la mahudhurio.